Bunduki Haimalizi Nguruwe

Agosti 2019, Wamarekani walipokuwa wakibishana kuhusu bunduki za kivita, mtu mmoja wa jimbo la Arkansas aliuliza hadharani afanye nini na nguruwe mwitu 30 hadi 50 wanaovamia uwanja wake ghafla huku wanawe wadogo wakicheza nje. Dunia ilicheka wiki nzima. Tangu siku hizo ukitaja nguruwe wa Texas au Arkansas mbele ya watu wa mjini, wengi hudhani unaleta kichekesho. Waliocheka wana hoja zao, wawindaji wana zao, na wenye ardhi nao wana zao. Nyingi kati ya hoja hizo hazisimami, na si za upande mmoja tu.

“Tatizo limekuzwa mno.” Hii ndiyo hoja ya waliocheka. Idadi yenyewe haina ajabu. Nguruwe mwitu wa Marekani huishi kwa makundi ya majike na watoto wao, na majike watatu wenye watoto wanatosha kufikisha 20 bila taabu. Makundi mawili yakikutana kwenye chakula, 30 wametimia. Wizara ya Kilimo ya Marekani hukadiria kwamba nchi nzima wako takriban milioni 6, wametapakaa katika majimbo zaidi ya 30. Texas ina zaidi ya theluthi yao, na kati ya kaunti zake 254 ni vigumu kuipata moja ambayo hawajaifikia.

Wanachofanya shambani hakihitaji kutiwa chumvi. Mahindi yakishapandwa, kundi huingia usiku, hushika mstari wa kwanza na kuufuata hadi mwisho likichimbua mbegu mojamoja, kisha hugeukia mstari wa pili. Asubuhi mkulima anakuta mifereji mitupu, naye hununua mbegu upya na kupanda tena akiwa amechelewa. Karanga huliwa zikiwa ardhini. Malisho hufukuliwa yakabaki mashimo na matuta, na mashine ya kukata majani ikipita hapo huvunjika. Mabwawa ya kunyweshea ng’ombe hugeuka tope. Aliyewahi kukesha kwenye dungu kulinda mihogo yake huko Rufiji au Lindi hahitaji kuelezwa zaidi, ingawa nguruwe pori wetu ni mwenyeji wa misitu hii na chui wanamjua. Yule wa Texas ni nguruwe wa zizini aliyeingia porini, na akishakua hana mnyama wa kumtia hofu ila binadamu.

Hata hivyo, wanaolia kuhusu tatizo hili nao wameharibu kesi yao wenyewe kwa tarakimu. Mwaka 2005 David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell alichukua makadirio ya nguruwe milioni 4, akadhania kila mmoja huharibu mali ya dola 200 kwa mwaka, akazidisha, akapata dola milioni 800. Baadaye hesabu za namna hiyo zilipanda hadi dola bilioni 1.5, na tarakimu hiyo ikanukuliwa kila mahali kana kwamba kuna mtu aliyepita shamba kwa shamba. Hakuna aliyepita. Waliokuja kuwauliza wakulima wenyewe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliohusu majimbo 11 na mazao sita, walipata hasara ya dola milioni 190 kwa mwaka. Mwenye dhihaka ataruka na tarakimu hiyo ndogo. Aisome vizuri kwanza: haina malisho, haina uzio, haina mifugo wala magonjwa, na ni mazao sita tu. Mimi naiamini zaidi hii kuliko ile ya bilioni, na bado ni pesa nyingi kwa mtu ambaye shamba lake ndilo lililofukuliwa.

Hofu ya kuuawa na nguruwe nayo ipimwe. Novemba 2019, mjini Anahuac huko Texas, mwanamke aliyekuwa akifika kazini kumhudumia mzee alishambuliwa na nguruwe nje ya nyumba ya mzee huyo, akafa. Tukio hilo ni la kweli na ni la kutisha. Lilitangazwa nchi nzima kwa sababu ni nadra sana. Anayelitumia kuonyesha kwamba nguruwe wanawinda watu anaisaidia dhihaka iendelee.

“Ni mnyama wa asili, amekuwapo siku zote.” Hapana. Mhispania Hernando de Soto alitua Florida mwaka 1539 akiwa na kundi la nguruwe wa kuwalisha askari wake njiani. Walowezi waliofuata waliwaachia nguruwe wao wajitafutie msituni, wakiwakamata walipohitaji nyama, na wengine hawakukamatwa tena. Mnyama wa asili anayefanana nao ni yule mdogo ambaye watu wa Texas humwita *javelina*, na huyo si wa ukoo wa nguruwe hasa. Kisha mwaka 1912 tajiri mmoja, George Gordon Moore, aliwaleta nguruwe mwitu wa Ulaya katika mlima wa Hooper Bald, North Carolina, akawazungushia uzio ili rafiki zake wapate cha kuwinda. Uzio haukuwazuia daima. Walitoka, wakazaana na wale wa zamani. Anayesema mwindaji ndiye tiba ya tatizo hili aanze hapo, kwa aliyeuleta ugonjwa.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo ndiyo inayopendwa na wanasiasa: “Fungueni uwindaji, wawindaji watawamaliza.”

Texas imeifuata kwa moyo wote. Mwaka 2011 bunge la jimbo liliruhusu watu walipe ili wapande helikopta na kuwapiga risasi nguruwe kutoka juu. Mwaka 2017 likaongeza maputo ya hewa moto, jambo ambalo sijui nani aliliomba, maana puto huenda linakopelekwa na upepo na kishindo cha moto wake husikika mbali. Mwaka 2019 likaondoa hata leseni: ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ridhaa yake, piga nguruwe usiku au mchana, msimu wowote, wengi utakavyo. Kama bunduki ingekuwa dawa, Texas ingekuwa imepona zamani.

Haijapona kwa sababu ya hesabu. Nguruwe jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi sita hadi minane. Hubeba kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wafugaji wanavyokariri, na huzaa kwa kawaida watoto wanne hadi sita. (Wanaodai kwamba idadi yao huongezeka mara tatu kila mwaka wanasahau kwamba watoto wengi hufa.) Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walikadiria kwamba idadi yao hukua kwa asilimia 18 hadi 21 kwa mwaka, na kwamba ili isiongezeke hata kidogo ingebidi kuondoa takriban asilimia 66 yao kila mwaka. Risasi, mitego na mbwa kwa pamoja vilikuwa vikiondoa asilimia 29. Asilimia 66 ni ya kuwafanya wasizidi tu. Kuwapunguza kunahitaji kuvuka hapo.

Halafu kuna tabia ya mnyama mwenyewe. Ukimpiga risasi mmoja katika kundi la 20, umewafundisha 19. Wanatawanyika, wanahama, wanaacha kutoka mchana, na chambo walichokuwa wamekizoea wanakikimbia. Mwindaji anarudi nyumbani na picha nzuri akiwa amepiga magoti kando ya dume lenye meno marefu. Dume hilo si hasara kwa kundi, maana majike wote watapata dume jingine. Anayejua kazi hii huanza na majike.

Lakini hesabu na tabia si sababu kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ni watu, na jimbo la Tennessee ndilo lililoionja. Hadi mwishoni mwa karne iliyopita nguruwe wake walikuwa katika maeneo machache, hasa upande wa milima ya mashariki. Mwaka 1999 wakuu wa wanyamapori wakafungua uwindaji jimbo zima, mwaka mzima, bila kikomo, wakitumaini wawindaji wangewapunguza. Katika miaka iliyofuata nguruwe walienea kuliko wakati mwingine wowote, hata wakawa katika karibu kaunti 80 kati ya 95. Walizuka mahali palipo mbali mno na kundi lolote lililojulikana, pakiwa na mito na miji katikati. Nguruwe hana mabawa. Walipandishwa pikapu usiku wakashushwa karibu na nyumbani kwa mtu aliyetaka kuwinda bila kusafiri. Mwaka 2011 Tennessee ikafuta uamuzi wake, ikamwondoa nguruwe kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa na kumtangaza mharibifu, na wenye ardhi ndio wakapewa nafasi ya kupambana naye.

Ukitaka kuona jinsi pesa inavyozidisha hali, tazama kambi ya jeshi ya Fort Benning huko Georgia. Mwaka 2007 ilianza kuwalipa wawindaji dola 40 kwa kila mkia wa nguruwe. Katika miezi michache ililipia mikia 1,138, na watafiti waliokuwa wakifuatilia wakaona idadi ya nguruwe ndani ya kambi haikushuka. Chambo kilichomwagwa kila pembe kiliwanenepesha waliobaki. Isitoshe, kulikuwa na shaka kwamba baadhi ya mikia ilitoka nje ya kambi, hata kwa wachinjaji. Kwa dola 40 mkia mmoja, ningeshangaa kama hakuna aliyejaribu.

Missouri ilipopiga marufuku kuwapiga risasi nguruwe katika ardhi za idara yake ya hifadhi, mwaka 2016, wawindaji walikasirika wakasema wananyimwa haki ya kusaidia. Idara ilikuwa na sababu mbili. Mtu wa mitego hutumia wiki kadhaa kulizoeza kundi lote kula mahindi ndani ya zizi la nyaya lililo wazi, na risasi moja ya mpita njia huiharibu kazi hiyo. Pili, pasipo na uwindaji hakuna haja ya kuwaleta nguruwe. Mwaka 2019 jimbo na washirika wake waliondoa zaidi ya nguruwe 10,000, na maeneo yenye nguruwe yamekuwa yakipungua tangu hapo.

“Sawa, lakini kwa mwindaji nguruwe si tatizo, ni neema.” Hapo ningemuuliza mwindaji huyo kuhusu mbwa wake. Nguruwe mwitu wengi hubeba virusi vya ugonjwa uitwao *pseudorabies*. Binadamu ni nadra kumdhuru, lakini mbwa aliyemng’ata nguruwe mwenye virusi hivyo huweza kufa kwa siku chache, akijikuna kwa wazimu. Na yeye mwenyewe, anapompasua mnyama mikono mitupu, anaweza kuambukizwa bakteria wa *Brucella suis*, na hiyo ni homa inayopanda na kushuka kwa wiki, na maumivu ya viungo yanayoweza kukaa miezi. Glavu za bei ndogo zinazuia. Wanaozivaa si wote.

Kisha kuna kulungu, ambaye kwa Texas ndiye mnyama wa uwindaji hasa. Wenye ranchi humwaga mahindi kwenye vyombo vya kulishia ili kulungu wazoee mahali. Nguruwe huvipindua wakala kila kitu, na kulungu hukaa mbali nguruwe wanapofika. Vuli mbegu za mialoni zikidondoka, wote wawili huzitaka, na anayesukuma kwa pua ndiye anayeshiba. Mayai ya bata mzinga mwitu huliwa kwenye viota vyake ardhini. Kwa hiyo mwindaji anayefurahia nguruwe analipa kwa kulungu na bata mzinga wake, ila bili haiji na jina la nguruwe.

“Basi waleni.” Mpenzi wa kitimoto wa Dar es Salaam huuliza swali hili mapema kuliko wote, na ni swali la haki. Nyama hiyo huliwa, na wengi huisifu. Iive mpaka ndani ifikie nyuzijoto 71 za Selsiasi, na hatari ya kula inakwisha. Ile ya kuchinja iko palepale. Kuiuza ndiko kwenye utata. Sheria za Marekani zinataka mkaguzi amwone mnyama akiwa hai kabla ya kuchinjwa, hivyo nguruwe aliyepigwa risasi porini hawezi kuingia sokoni. Texas ina vituo vya kununua nguruwe waliokamatwa wakiwa hai, na nyama yao hupita machinjioni. Ila ukijenga soko la mnyama unayetaka kumtokomeza, umewapa watu sababu ya kumbakiza. Mtegaji anayelipwa kwa uzito huwaachia wadogo wakue.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao sisi wa Afrika Mashariki tunaujua kuliko Wamarekani. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na mtafiti Montgomery, kutokana na nguruwe wa walowezi waliokufa nchini Kenya. Ngiri na nguruwe pori wetu hubeba virusi vyake bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa, na jamaa zao wa Ulaya, hufa karibu wote. Mwaka 2018 uliingia China ukaua mifugo kwa mamilioni. Mwaka 2021 ulionekana Jamhuri ya Dominika na Haiti, karibu na Florida. Marekani haujafika. Ukifika na kuwapata nguruwe milioni 6 wasio na mwenyewe, wafugaji wa nguruwe wa jimbo la Iowa watagundua kwamba tatizo la Texas lilikuwa lao pia.

Kuhusu sumu nitasema machache. Februari 2017 Kamishna wa Kilimo wa Texas, Sid Miller, aliidhinisha chambo chenye sumu ya warfarini na kutangaza kwamba kiama cha nguruwe kimekaribia. Mnunuzi wa nyama ya nguruwe mwitu akaenda mahakamani, chama cha wawindaji wa nguruwe kikakusanya saini za kupinga, na Aprili hiyohiyo mtengenezaji akajitoa. Hofu ya sumu kuingia katika nyama na kwa wanyama wengine ilikuwa na msingi. Mwaka uliofuata jaribio la chambo cha aina nyingine, chenye sodiamu naitraiti, lilisimamishwa huko Texas baada ya ndege kufa kwa kuokota makombo. Lakini nilishangazwa na waliosimama kumtetea nguruwe. Walikuwa ni watu waliokuwa wakisema kila siku kwamba wanamwinda ili aishe.

“Ardhi ni yangu, nguruwe ni pato langu.” Karibu asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, na baadhi ya wenye ranchi wanaowatoza wageni kwa ajili ya kuwinda nguruwe hupata fedha nzuri, hasa miaka ng’ombe wanapokuwa bei duni. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Tatizo ni kwamba kundi halilali ndani ya mipaka ya hati. Hushinda kwenye kichaka cha mwenye pato, usiku likavuka kwenda kula mtama wa jirani asiyepata hata senti. Jirani akitega, anapunguza biashara ya mwenzake. Mwenzake akiacha kutega, mitego ya jirani hujazwa upya kila msimu.

Na majirani si wa uzio tu. Mwaka 2006 watu zaidi ya 200 katika majimbo mengi ya Marekani waliugua kutokana na spinachi mbichi iliyokuwa na bakteria hatari wa *E. coli*, na watatu walifariki. Wachunguzi walifuata nyayo hadi kaunti ya San Benito, California, wakakuta aina ileile ya bakteria katika kinyesi cha ng’ombe na kwa nguruwe mwitu waliokuwa wakipita karibu na shamba la mboga. Hawakuthibitisha kwa hakika ni njia ipi iliyoufikisha uchafu kwenye majani. Nguruwe walikuwa mojawapo ya njia zilizowezekana, na hilo linatosha kumnyima mtu usingizi kama mboga ni zake.

Hoja ya mwisho husemwa kwa uchovu: “Tumeshachelewa, hawaondoki.” Jimbo la Colorado lilitangaza mwaka 2020 kwamba limewamaliza nguruwe wake, baada ya miaka ya kazi ya mashirika kadhaa. Lilianza mapema wakiwa bado wachache, na liliwazuia watu kuwaongeza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kisiwa cha Santa Cruz, ng’ambo ya pwani ya California. Nguruwe walikuwapo tangu miaka ya 1850. Watoto wao waliwavuta tai wa dhahabu kutoka bara, na tai wakishafika wakawala pia mbweha wadogo wa kisiwani, ambao hawapatikani kwingine duniani, hata wakabaki chini ya mia. Mwaka 2005 na 2006, shirika la Nature Conservancy na idara ya hifadhi za taifa walikigawa kisiwa kwa uzio katika kanda tano, wakawaleta wataalamu kutoka New Zealand. Walitega, wakatumia helikopta na mbwa waliofunzwa, na mwishoni wakawavisha nguruwe wachache vifaa vya redio na kuwaachia, kwa kuwa nguruwe mpweke hawezi kuvumilia na atakwenda mwenyewe kuwatafuta wenzake waliojificha. Zaidi ya nguruwe 5,000 waliondolewa. Tai walihamishwa, na mwaka 2016 mbweha wa Santa Cruz wakatolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Helikopta na mbwa, vifaa vilevile vya mwindaji wa Texas, vilifanya kazi hapo, kwa sababu kila aliyevishika alilipwa ili nguruwe wa mwisho afe, na hakukuwa na mtu wa kuwarudisha usiku kwa pikapu.